Tabaka la Kiswahili Katika Kompyuta za Jinja na Mbale

Mwalimu kijana mmoja, aliyesoma sekondari mjini Mbale kati ya 2008 na 2013, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa sentensi moja. Amesikia kwamba kampuni ya Microsoft ilitoa maneno ya Kiswahili kwa ajili ya Windows XP. Basi mbona yeye, katika miaka yote aliyokaa mbele ya kompyuta za shule, hakuyaona hata siku moja? Wenzake waliokuwapo walimjibu upesi kwamba shule zetu hazikukitaka Kiswahili. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Katika vyumba kadhaa vya kompyuta nilivyovijua, Kiswahili kilitakiwa, kikaletwa, kikajaribiwa, na mashine yenyewe ikakikataa. Habari za kukataa huko ndizo ninazotaka kuziandika hapa, maana waliozishuhudia wameanza kustaafu na diski zenyewe zimekwisha kutupwa.

Hapana budi kuanza mbali kidogo. Katika Uganda Kiswahili kimekuwa daima kitu cha kuongezwa juu ya kitu kingine. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza kiwe lugha ya elimu na ya utawala. Kabaka Daudi Chwa akapinga, wamisionari wengi nao wakapinga. Kufikia 1952 kilikuwa kimeondolewa katika lugha zilizotambuliwa shuleni, kikabaki kambini kwa askari na vituoni kwa polisi. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini tangazo hilo halikufuatwa na vitabu wala walimu wa kutosha. Katiba ya 1995 ikaitaja lugha moja tu ya kiserikali, Kiingereza. Ndipo katika marekebisho ya 2005 Kiswahili kikawekwa kuwa lugha ya pili ya kiserikali, itumike kwa namna ambayo Bunge litaeleza kwa sheria. Msomaji aangalie vizuri maneno hayo ya mwisho. Lugha imeingizwa, lakini mlango wake unangoja mtu mwingine aufungue.

Jinja na Mbale hazikungoja sheria. Jinja ni mji wa viwanda, wa reli na wa kambi ya jeshi. Wafanyakazi walitoka pande zote, na Kiswahili kilikuwa lugha ya zamu ya usiku na ya gwaride. Mbale iko karibu na mpaka wa Kenya, na mali ya sokoni huja na lugha yake. Mtoto wa Kisoga au wa Kimasaba hufika darasani akiwa amekwisha kukisikia Kiswahili, ingawa aghalabu amekisikia kikitukana au kikipunguza bei. Kazi yetu walimu ilikuwa kumwonyesha kwamba lugha hiyo hiyo huandika barua, hufanya hesabu, na huweza hata kuongoza mashine. Kwa hiyo habari ya Kiswahili ndani ya kompyuta haikuwa mchezo kwetu.

Habari hiyo ilifika mwaka 2004, tena kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko mradi wa Kilinux, kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitafsiri programu za ofisi zilizo huru, na Desemba 2004 ikatolewa Jambo OpenOffice. Njia ya pili ilikuwa tangazo la Microsoft, Juni mwaka huo huo, kwamba itatoa Windows na Office kwa Kiswahili. Kifurushi cha Windows XP kilipotoka, wengi walidhani wameletewa Windows nyingine mpya kabisa. Haikuwa hivyo, na kutokuelewa jambo hili ndicho chanzo cha nusu ya matatizo yaliyofuata.

Kifurushi cha lugha kilikuwa tabaka, mfano wa kitambaa kinachotandikwa juu ya meza. Meza yenyewe ilibaki ya Kiingereza. Maneno ya Kiswahili yaliwekwa katika faili zake za pembeni, kando ya faili za asili. Windows ilipotaka kuandika neno kwenye skrini, ilitazama kwanza katika faili za pembeni. Ikilikosa, ilirudi kwenye Kiingereza bila kumwuliza mtu. Ndiyo sababu mtumiaji aliona menyu ya Kiswahili ikifungua kisanduku cha Kiingereza. Walimu wengi walidhani huo ni ubovu, wakaondoa kila kitu na kuanza upya mara tatu, mara nne. Haukuwa ubovu, kwa kuwa tafsiri ililetwa kwa sehemu zinazoonekana sana, si kwa pembe zote. Kadhalika, marekebisho ya baadaye yalipoleta visanduku vipya, visanduku hivyo vilikuja na Kiingereza chao.

Sharti moja lilikuwa gumu: lazima meza iwe ya Kiingereza. Nyingi za kompyuta zilizofika mikoani kwetu zilikuwa za mitumba kutoka Ulaya, na baadhi zilikuja na Windows ya Kijerumani au ya Kiholanzi. Juu ya hizo Kiswahili hakikushika. Nilimwona mwalimu mwenzangu akihangaika juma zima na mashine ya namna hiyo, akilaumu virusi, kumbe ingetosha kusoma neno lililoandikwa kwenye kitufe cha kuanzia.

Sasa tuje kwa mafundi. Kwa nini wasitumie diski ya Windows kama ilivyotoka kwa mwenyewe? Walimu wa siku hizi, waliozoea mtandao wa simu, huona kwamba ilikuwa tamaa tu ya kuchezea vitu. Nawaomba wafikirie hesabu ifuatayo. Service Pack 2 ya Windows XP, iliyotoka Agosti 2004, ilikuwa na ukubwa wa megabaiti 266. Kwa laini ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, hata laini hiyo isipokatika hata dakika moja, kuipokea kunahitaji zaidi ya saa 10. Laini zetu zilikatika. Tena mashine isiyo na marekebisho haikuweza kuunganishwa na mtandao kwa usalama: virusi vya Blaster, vilivyoenea Agosti 2003, viliingia bila mtu kufungua barua wala faili yoyote. Kwa hiyo fundi alikuwa na njia moja ya busara, nayo ni kuyatia marekebisho ndani ya diski yenyewe, ili mashine izaliwe ikiwa imekwisha kuchanjwa.

Sababu ya pili ilikuwa umeme. Jinja ina bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954, lakini kuishi kando ya bwawa si kuwa na umeme. Mwaka 2006 maji ya Ziwa Viktoria yalikuwa yameshuka, na mgao ulikuwa mkali kote nchini. Usakinishaji wa kawaida wa Windows XP humtaka mtu akae karibu ajibu maswali: saa za eneo, jina, namba ya leseni, mtandao. Kisha huja draiva, kisha programu za ofisi, kisha dawa ya virusi, moja moja. Umeme ukikatika katikati, kazi huanza tena. Diski inayojijibu yenyewe na iliyobeba programu zote ilimwezesha fundi kuwasha mashine 6 kwa pamoja na kumaliza kabla ya zamu ya giza.

Chombo walichokitumia kiliitwa nLite, kazi ya Dino Nuhagić, kijana wa Kroatia, nacho kilitolewa bure. Fundi alinakili diski ya Windows katika folda, akaionyesha nLite folda hiyo, kisha akachagua. Aliweza kutia Service Pack, kutia viraka vilivyofuata, kutia draiva, kutia nyongeza kama kisomaji cha hati au kivinjari, kuandika majibu ya maswali, na, hapa ndipo penye kisa chetu, kuondoa asivyovitaka. Diski ya kawaida hubeba megabaiti 700 tu. Anayetaka kuongeza hana budi kupunguza.

Diski hizo zilisafiri. Ilitengenezwa moja Jinja, karibu na Main Street, ikanakiliwa Iganga, ikapita barabara ya Tirinyi katika takisi, ndani ya mfuko wa shati la mtu, ikafika Mbale ikiwa haina tena jina la aliyeitengeneza wala maelezo ya kilichoondolewa. Kwenye jalada imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: XP.

Mwaka 2007 niliitwa katika shule moja ya Mbale, ambayo sitaitaja, nisaidie kuweka Kiswahili katika kompyuta 12 za chumba cha mafunzo. Mwalimu wa somo alikuwa amekipata kifurushi, akakiweka katika mashine ya kwanza, na kikakataa. Mashine ya pili ikakataa vile vile. Tulidhani faili imeharibika njiani, jambo lililokuwa la kawaida siku zile, tukaiagiza tena kutoka duka la intaneti la Jinja. Ikaja, ukubwa ni ule ule hadi baiti ya mwisho, nayo ikakataliwa.

Hapo ndipo nilipojifunza kanuni ambayo sikuisoma katika kitabu cha kompyuta bali katika kazi ya kusahihisha insha: kabla ya kumhukumu mwanafunzi, mpe swali lile lile mwanafunzi mwingine. Tulikichukua kifurushi hadi ofisini kwa mkuu wa shule, kwenye mashine iliyonunuliwa mpya. Kikakubali mara moja. Mkuu wa shule akaona menyu zake zikigeuka Kiswahili, akashtuka kidogo. Basi faili haikuwa na kosa. Tukalinganisha mashine mbili: zote Service Pack 2, zote za Kiingereza, zote zina nafasi. Tukafungua sehemu ya kuchagulia kibodi za lugha. Katika mashine ya ofisi orodha ilikuwa ndefu, ukiishusha haikwishi upesi. Katika mashine ya chumba cha mafunzo kulikuwa na mstari mmoja.

Tukamtafuta fundi. Alikuja kutoka Jinja kwa hiari yake, mtu mpole na mwangalifu, akafungua kompyuta yake kutuonyesha orodha ya vitu alivyoviondoa. Fungu moja liliandikwa Lugha, na jingine Kibodi.

“Mwalimu,” akasema, “humu kuna Kichina, Kijapani, Kithai, Kigiriki. Nani Mbale anaandika Kithai? Nikaondoa fungu zima ili mashine iwe nyepesi.”

“Na Kiswahili?”

“Kiswahili hakikuwamo katika orodha, Mwalimu. Sikukigusa.”

Alisema kweli. Kiswahili hakikuwamo. Katika orodha ile lugha zilipangwa kwa makundi ya hati na maandishi, na Kiswahili, kinachoandikwa kwa herufi za Kilatini bila alama za ziada, hakikuwa na mstari wake. Fundi aliondoa lugha za watu wengine, na nafasi ambayo ingekipokea Kiswahili ikaenda pamoja nazo. Tangu siku hiyo nimekuwa mgumu wa kumlaumu mtu anayeniambia kwamba hakukigusa Kiswahili.

Kilichoondolewa kwa nLite hakirudishwi kwa nLite, kwa sababu faili zenyewe hazimo tena katika diski. Ilibidi kutafuta diski isiyoguswa. Kwa bahati njema chombo kile huhifadhi machaguo ya mtumiaji katika faili ndogo ya maandishi iitwayo Last Session.ini, na fundi alikuwa nayo. Tulinakili diski ya asili katika folda safi, tukaipakia faili ile ya machaguo, tukalirudisha fungu la lugha na la kibodi, mengine tukayaacha kama alivyoyataka. Mashine moja ya majaribio ikasakinishwa upya. Kiswahili kikashika.

Hapo fundi alipata hamu, akataka kukitia kifurushi chenyewe ndani ya diski ili Kiswahili kiwepo tangu kuzaliwa kwa mashine. Mara ya kwanza alikiweka kati ya nyongeza zinazoendeshwa kabla usakinishaji haujaisha, wakati bado hakuna mtumiaji aliyeingia. Usakinishaji ukamalizika vizuri, bila kosa lolote kwenye skrini, na bila Kiswahili. Kimya hicho kilitusumbua siku mbili. Alikuwa ameongeza alama ya /qn, inayoiamuru programu ifanye kazi bila kuonyesha chochote. Nayo ilitii, ikashindwa bila kuonyesha chochote. Alipobadilisha ikawa /qb, kisanduku kilionekana na ujumbe wa kukataa ukasomeka. Akaisogeza kazi hiyo hadi mtumiaji anapoingia kwa mara ya kwanza, nayo ikafaulu. Nawashauri walimu wanaosimamia vyumba vya kompyuta, hata leo ambapo programu ni nyingine, wasikubali usakinishaji wa kimya mpaka wameuona mara moja ukisema.

Yapo makosa mengine ya diski hizo ambayo nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa hayahusu lugha moja kwa moja ingawa yaliichelewesha. Mafundi wengine waliipitisha folda ile ile katika nLite mara ya pili na ya tatu, wakiongeza na kupunguza juu ya kilichokwisha kupunguzwa. Diski za namna hiyo zilisimama katikati zikidai faili ambayo haipo. Wengine walitia viraka kwanza, Service Pack baadaye, wakafunika kipya kwa cha zamani. Nyongeza mbili zikileta faili yenye jina moja, ya mwisho ndiyo iliyoshinda. Nao walikuwapo waliotumia namba ya leseni ya aina moja ya XP kwenye diski ya aina nyingine, kisha wakashangaa kukataliwa.

Tatizo kubwa la Jinja lilikuja mwaka 2009, mitumba mipya ilipoingia ikiwa na diski kuu za namna ya SATA. Diski ya fundi iliyotengenezwa miaka minne nyuma ilianza vizuri, ikahesabu faili, kisha ikaangusha skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B. Maana ya namba hiyo ni kwamba Windows haiioni diski ambamo inatakiwa kukaa, kwa kukosa draiva. Windows XP iliruhusu draiva itolewe mwanzoni kwa kubonyeza F6, lakini iliitaka kutoka katika disketi, na mashine hizo hazikuwa tena na mahali pa kutia disketi! Mafundi wengine walibadilisha mpangilio wa ndani kutoka AHCI kwenda IDE, na mambo yakaenda. Wengine waliitia draiva ndani ya diski kwa nLite, njia iliyo bora zaidi. Lakini walio wengi, wakiwa na haraka, waliomba diski nyingine kutoka kwa mtu mwingine. Na diski hiyo nyingine, kama ilivyokuwa desturi, haikuwa na fungu la lugha. Hivyo ndivyo chumba kimoja cha Jinja kilivyopoteza Kiswahili kilichokuwa kimekwisha kukipata, na hakuna aliyeamua kukiondoa.

Lazima niseme pia habari ya leseni, ingawa si nzuri kuisema. Kuanzia Julai 2005 Microsoft ilitaka kuhakikisha uhalali wa Windows kabla ya kumruhusu mtu apakue vitu vingi kutoka kwake, isipokuwa marekebisho ya usalama. Diski ya mfukoni, isiyo na leseni ya kweli, iliufunga mlango huo. Jambo OpenOffice haikuwa na mlango wa namna hiyo, na nilisikitika kwamba mafundi wetu waliipuuza, wakidhani kitu cha bure hakifai.

Na wanafunzi je, waliyapokeaje maneno? Kule Mbale, katika chumba kilichofaulu, niliona jambo ambalo sikulitarajia. Maneno yaliyowashinda hayakuwa yale mageni. Faili na folda walikwisha kuyazoea; kipanya kiliwachekesha siku moja kikawa chao. Waliosita walisita mbele ya vitenzi vya kawaida, kama nakili, bandika, hariri na hifadhi. Walikuwa wamejifunza Kiswahili cha kununua na cha kusalimia, si cha kuamuru kazi. Mwalimu wao aliziacha insha kwa majuma mawili, akafundisha njeo ya kuamuru kwa kutumia menyu. Wengine wetu walibishana kama kompyuta iitwe tarakilishi. Darasani neno hilo halikumsumbua mtu yeyote, maana hakuna menyu inayoitaja mashine kwa jina. Walichouliza wanafunzi ni kwa nini, katika orodha ya mahali, Kiswahili kimeandikwa kuwa ni cha Kenya. Ndivyo Microsoft ilivyokisajili, na Uganda haikuwamo.

Chumba hicho kilidumu na Kiswahili chake miaka mitatu hivi, hadi mashine zilipobadilishwa. Msaada wa Windows XP ulikoma tarehe 8 Aprili 2014. Tabaka la Kiswahili lilitolewa pia kwa Windows zilizofuata, nalo siku hizi huja kwa mtandao, bila diski na bila takisi ya Tirinyi. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza 2020, Kiswahili ni somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Hata hivyo juzi nimeitwa tena, mara hii Jinja. Kompyuta ni mpya, zimenunuliwa dukani, hazijapunguzwa na fundi yeyote, na Kiswahili kinakataa. Nimetazama jina la toleo: Windows 10 Home Single Language. Toleo hilo liliuzwa na mashine kwa bei nafuu, nalo limefungwa na mtengenezaji wake lisipokee lugha ya pili ya menyu. Nimemwandikia mkuu wa shule jina kamili la toleo la kuomba katika ununuzi ujao, nikamwomba aliweke katika barua ya zabuni kabla ya bei kujadiliwa.